Chembe za dhahabu zinafifisha molekuli badala ya kuzing'arisha: nimekosea wapi?

Raskazone_Optiki (mwanzisha mada)

Habari za majukumu wadau. Maabara ni ndogo, ipo Tanga mjini upande wa Raskazone. Lengo ni kusoma DNA iliyo haba sana kwenye sampuli bila kuizalisha kwanza kwa PCR, na mbele ya safari kuhamia kamera ya bei nafuu. Ndiyo maana nataka metali iongeze mwanga wa fluoresensi (ule molekuli inaoutoa ikisisimuliwa na leza) wa kila molekuli.

Mpangilio ni huu: hadubini ya TIRF (inaangaza uso wa kioo tu), leza ya nanomita 532, lenzi ya mafuta 100× yenye NA 1.49 (uwezo wa kukusanya mwanga), kamera ya EMCCD ya mwanga hafifu. Kioo ni cha unene wa milimita 0.17, kimepakwa APTES (kemikali ya kushikisha chembe kwenye kioo), kisha chembe za dhahabu za nanomita 20 zilizovikwa sitreti ili zisishikane. Juu yake nimeweka DNA ya uzi mmoja, bezi 20, upande mmoja tioli ya kushika dhahabu na upande mwingine Cy3, rangi inayowaka chini ya leza ya kijani. Nimetumia pikomola 100 kwa lita, dakika 10, ndani ya PBS (bafa ya fosfati yenye chumvi), nikaosha mara tatu.

Matokeo: nukta za mwanga kwenye kioo chenye dhahabu zimefifia kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na kioo kitupu. Idadi yake ni karibu ileile. Halafu kuna nukta chache zinazowaka kupita kiasi na hazipauki (hazizimi) hata baada ya dakika tano za leza.

Nimejaribu pia vioo vya fedha. Vilianza vizuri, lakini siku ya pili vilikuwa vimebadilika rangi na mwanga umerudi chini. Naomba kuwasilisha.

---

Plasmoni_TA

Mkuu, hapo kuna makosa matatu, na yote yanavuta upande mmoja.

La kwanza ni ukubwa wa chembe. Mwanga ukiipiga chembe ya dhahabu, sehemu hufyonzwa ikawa joto na sehemu hutawanywa. Kufyonza hukua kwa kipeo cha tatu cha kipenyo, kutawanya kwa kipeo cha sita. Kwenye 20 nm karibu chote kinachoingia kinaishia kuwa joto. Kwenye 80 hadi 100 nm mambo yanageuka, chembe inakuwa antena ya kweli: inakusanya uga wa leza karibu na molekuli, na pia inaisaidia molekuli kutema fotoni zake haraka zaidi. Chembe isiyojua kutawanya haiwezi kufanya kazi hiyo ya pili, itakula tu.

La pili ni umbali, na hili ndilo lililokuangusha zaidi. Molekuli iliyosisimka ikiwa ndani ya nanomita 5 hivi kutoka kwenye metali, nishati yake hurukia elektroni za metali kabla haijatoka kama mwanga. Ikiwa mbali kupita nanomita 30 au 40, metali haina habari nayo. Faida ipo katikati, takriban nanomita 7 hadi 15. Sasa DNA yako ya uzi mmoja usidhani imesimama kama mnazi. Uzi mmoja ni mlegevu kama kamba ya katani iliyolowa, unajikunja, na bezi zenyewe, hasa ile ya A (adenini), hupenda kulala juu ya dhahabu. Cy3 yako iko nanomita chache tu kutoka kwenye metali, pengine imeigusa kabisa.

Mwaka 2006 vikundi viwili, cha Novotny kule Rochester na cha Sandoghdar kule Zürich, walilionyesha jambo hili wazi: chembe moja ya dhahabu kwenye ncha ya kioo ikisogezwa nanomita kwa nanomita juu ya molekuli moja. Mwanga unapanda, unapanda, halafu kwenye nanomita za mwisho unaporomoka. Wewe umejenga sampuli nzima kwenye zile nanomita za mwisho.

La tatu ni rangi. Dhahabu inaonekana ya njano kwa sababu elektroni zake za ndani zinafyonza bluu na sehemu ya kijani. Leza ya 532 iko mlangoni mwa eneo hilo. Chembe ya 20 nm kilele chake cha plasmoni (mtikisiko wa pamoja wa elektroni za metali) kiko karibu 520 nm, ya 80 nm karibu 553, ya 100 nm karibu 570. Kwa dhahabu, hamia leza ya 640 na rangi kama Cy5 au Atto 647N. Hapo hasara ya ndani inapungua sana.

Zile nukta zisizopauka si molekuli. Ni mafungu ya chembe za dhahabu zilizoshikana, dhahabu nayo ina mwanga wake dhaifu chini ya leza. Molekuli moja inawaka kwa kiwango kimoja, kisha inazima ghafla kwa hatua moja. Kisichozima kwa hatua usikihesabu.

---

BiKemia

Plasmoni_TA kasema kweli, ila hata ukibadilisha chembe leo bado hutaona ongezeko, kwa sababu nukta unazopima nyingi haziko kwenye dhahabu.

Fanya hesabu. Chembe ya 80 nm ina kivuli cha mikromita za mraba 0.005. Ukiwa na chembe moja kwa kila mikromita ya mraba, dhahabu inafunika nusu asilimia ya kioo. APTES ina chaji chanya, DNA ina chaji hasi. DNA yako inanata popote, tioli au bila tioli. Kwa hiyo molekuli 99 na ushei kati ya 100 zinakaa kwenye kioo kitupu. Idadi ya nukta kuwa sawa kwenye vioo vyote viwili ndiyo ushahidi wenyewe. Chembe zako za 20 nm zimejaa zaidi kwenye kioo, ndiyo maana uliona angalau kufifia.

Utaratibu ninaoupendekeza kwa chembe za 80 nm:

Osha vioo vizuri, kausha, paka APTES asilimia 1 ndani ya ethanoli kwa dakika 10, suuza kwa ethanoli safi, oka nyuzi 110 kwa dakika 15. Unyevu wa Tanga ni adui hapa. APTES ikikutana na mvuke mwingi inaungana yenyewe na kuacha madonge yanayowaka. Chupa iliyotolewa kwenye friji iache ifikie joto la chumba kabla ya kufunguliwa, la sivyo umande unaingia ndani na chupa nzima imekwisha. Ukiona ukungu kwenye kioo, tupa, usijaribu kukiokoa.

Weka chembe za dhahabu kwa msongamano mdogo. Kimiminika cha 80 nm chenye ufyonzaji wa 1 kina chembe kama bilioni 11 kwa mililita. Anza kwa kukizimua mara 10, dakika 5, uone. Kabla ya hapo kipime kwenye spektromita: kilele kimoja safi karibu 553 nm. Ukiona bega linaloinuka upande wa 650 na kuendelea, chembe zimeshikana. Usizizungushe kwa kasi kubwa kwenye mashine, 80 nm inatosha nguvu ya 1,000 g (mara 1,000 ya uvutano wa dunia) kwa dakika 10. Wengi wanatumia mpangilio wa 20 nm, wanaishia na kidonge cheusi chini ya kichupa kisichofunguka tena.

Sasa ziba kioo kilichobaki kwa PEG, polima inayozuia vitu kunata: mPEG-SVA ya kilodalton 5, miligramu 100 kwa mililita, ndani ya bikaboneti ya sodiamu 0.1 M yenye pH 8.3 hadi 8.5, saa tatu. Ipime na kuitumia papo hapo, kwani ikishayeyuka kwenye maji inaharibika ndani ya dakika, si saa.

Kisha BSA (protini ya damu ya ng'ombe) yenye biotini, miligramu 1 kwa mililita, dakika 10. Inanata kwenye dhahabu, haipendi PEG. Suuza. NeutrAvidin, protini inayoshika biotini, miligramu 0.2 kwa mililita, dakika 5. Suuza. Mwisho DNA ya nyuzi mbili yenye biotini na rangi *upande uleule mmoja*, pikomola 10 hadi 50. BSA ina unene wa nanomita 3 hadi 4, NeutrAvidin kama 5, kwa hiyo rangi inatua nanomita 8 au 9 kutoka kwenye metali. Pengo lako limejengwa na protini za kawaida, hakuna cha ajabu.

Na PBS usiitumie kabla chembe hazijashika kioo. Ina milimola 137 za chumvi, dhahabu yenye sitreti itageuka kutoka nyekundu kwenda zambarau mbele ya macho yako.

---

Mzee wa Leza

Nakubaliana na wote wawili, ila nipinge kidogo lile la "hamia nyekundu" kana kwamba ndiyo dawa. Kabla hajanunua leza mpya, kuna vipimo vya bure havijafanywa.

Punguza nguvu ya leza mara 10 na urudie ulinganisho. Rangi ikishashiba, yaani inasisimka tena mara tu inapotema fotoni, kuongeza uga hakuongezi kitu. Molekuli iliyo kwenye antena hushiba mapema kuliko ile ya kioo kitupu, na ukitumia nguvu kubwa ongezeko linafichika. Ukipunguza, tofauti inajitokeza.

Tazama polaraizesheni, yaani mwelekeo wa mtetemo wa mwanga. Uga mkali haukai pande zote za chembe, unakaa kwenye ncha mbili zilizo sambamba na mtetemo wa leza. Molekuli iliyokaa ubavuni haipati kitu, wakati mwingine inafifia. Kwa hiyo kwa chembe za duara usitegemee kila nukta ing'ae, tegemea mtawanyiko mpana: nyingi za kawaida, chache zenye kung'aa sana. Chora histogramu. Wastani peke yake utakudanganya.

Kama una uwezo wa kupima muda wa msisimko (muda kati ya kusisimka na kutema fotoni), jibu linapatikana kwa dakika moja. Mwanga umepungua na muda umefupika: metali inakula. Mwanga umeongezeka na muda umefupika: antena inafanya kazi kwenye utoaji. Mwanga umeongezeka na muda uko palepale: unafaidi usisimuaji tu, umbali bado mkubwa. Huhitaji kubahatisha tena. Na mwanga wa dhahabu yenyewe unaisha haraka mno kuliko nanosekunde za rangi, kwa hiyo ukiwa na kipimo hicho unaukata kwa kutupa fotoni za mwanzo kabisa.

Lingine ambalo halijatajwa: ufanisi wa rangi yenyewe, yaani sehemu ya misisimko inayotoka kama fotoni. Rangi yenye ufanisi wa 0.95 kama Rhodamine 6G tayari inatoa karibu kila fotoni iliyonayo, metali haiwezi kuiongezea upande huo. Rangi yenye 0.05 ina nafasi ya kupanda hadi mara 20 kwa utoaji tu, kabla hujahesabu uga. Ndiyo siri ya takwimu kubwa. Ile mara 1,340 ya mwaka 2009, kundi la Moerner na antena za umbo la tai ya kipepeo, ilitumia rangi yenye ufanisi wa asilimia 2.5 hivi. Ukiisoma bila kujua hilo utajiona mjinga bure.

---

Raskazone_Optiki

Ahsanteni sana wakuu, na dada BiKemia. Muda wa msisimko sina kifaa chake, ila hatua za kupauka naweza. Nimeangalia tena picha: nukta zinazozima kwa hatua moja ni karibu zote isipokuwa zile kali. Basi hesabu ya nusu asilimia imenikalia vizuri.

Maswali mawili. Leza ya 640 ipo, ila nina akiba ya DNA yenye Cy3. Je, fedha haiwezi kuitumia hiyo 532? Na vioo vya fedha nivihifadhi vipi hapa karibu na bahari?

---

Plasmoni_TA

Fedha (ile ya vidani, si ya mfukoni) inaweza, na kwa kijani ni bora kuliko dhahabu kwa mbali, kwa sababu ufyonzaji wake wa ndani uko kwenye urujuanimno, unauacha mwanga wote unaoonekana bila kuuchafua. Tatizo ni kwamba Tanga ni waja leo waondoka leo, na fedha imelichukua neno hilo kwa uzito. Kloridi, oksijeni na harufu yoyote ya salfa inaila.

Filamu ya visiwa vya fedha ni rahisi kuitengeneza. Gramu 0.5 za nitrati ya fedha kwenye mililita 60 za maji safi kabisa, unakoroga. Dondosha mikrolita 200 za sodiamu haidroksaidi asilimia 5 iliyotengenezwa siku hiyohiyo, tope la kahawia linatokea. Dondosha amonia ya asilimia 30 tone kwa tone hadi tope liyeyuke, kama mililita 2 au pungufu, na uishie hapo hapo. Poza hadi nyuzi 5 kwenye barafu, tumbukiza vioo vyenye APTES, mimina gramu 0.72 za glukosi zilizoyeyushwa kwenye mililita 15 za maji. Acha joto lipande hadi nyuzi 30. Kimiminika kikitoka njano-kijani kwenda njano-kahawia toa vioo, osha. Ukichelewa visiwa vinaungana kuwa kioo cha kujitazamia, na hapo huna plasmoni ya maana.

Tahadhari ambayo haina mjadala: mchanganyiko wa nitrati ya fedha na amonia usihifadhiwe. Ukikaa au kukauka unazalisha kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu. Ukimaliza, mara moja tia asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa hadi fedha ishuke kama tope jeupe, ndipo uiweke kwenye chupa ya taka. Yote haya ndani ya kabati la kufyonza mvuke, na miwani.

---

BiKemia

Kuhusu kuhifadhi: usihifadhi. Tengeneza asubuhi, tumia mchana. Ukilazimika, kausha kwa naitrojeni, funga kwenye mfuko wa vakyumu pamoja na silika jeli, na usiuweke wazi kwenye chumba chenye kiyoyozi. Umeme ukikatika na mlango ukafunguliwa, hewa ya baharini inakuta kioo cha nyuzi 20 na inaacha umande wenye chumvi juu yake. Hiyo ndiyo "siku ya pili" yako.

Na PBS kwenye fedha ni sumu. Tumia bafa ya fosfati na nitrati ya sodiamu badala ya kloridi, mkusanyiko uleule. Maji ya bomba hata kwa suuza ya kwanza hapana, yana klorini. Maji ya megaohm 18 tu.

Binafsi ningemwacha na dhahabu na 640. Fedha inakupa mwanga zaidi kwa siku moja, kisha inakupa wiki ya kujiuliza kama ni kemia iliyobadilika au ni kioo kilichooza.

---

Mzee wa Leza

Hapo ndipo ninapotofautiana na dada yangu. Kwa kumaliza akiba ya Cy3, fedha inafaa, mradi kila jaribio liwe na kioo chake kitupu cha siku hiyohiyo cha kulinganisha. Lakini asiipeleke kwenye kifaa cha mwisho, hilo nakubali.

Oksijeni pia usiisahau. Ndiyo inayopausha rangi. Kwenye antena molekuli inasisimka na kutema fotoni mara nyingi zaidi kwa sekunde, kwa hiyo kwa saa ya ukutani inapauka mapema, hata kama kwa jumla imetoa fotoni nyingi zaidi. Tumia vimeng'enya vya kuondoa oksijeni, glukosi oksidesi na katalesi, pamoja na Trolox (kinga ya rangi) milimola 2. Mchanganyiko huo unatengeneza asidi polepole, badilisha bafa kila nusu saa.

---

Duga_Elektroniki

Kuhusu ndoto ya kamera ya bei nafuu: si ndoto. Mwaka 2021 kundi la Ujerumani lilichapisha kazi ya molekuli mojamoja kwa kamera ya simu ya kawaida na lenzi ya bei nafuu. Chembe mbili za metali zilishikwa na umbo la DNA lililokunjwa, na katikati pakaachwa wazi ili DNA inayotafutwa iingie. Ongezeko lilifika mara 461, wastani 89. Walipima DNA ya usugu wa dawa ya bakteria wa *Klebsiella*. Msingi wake ni kazi ya mwaka 2012, chembe mbili za 100 nm zenye pengo la 23 nm, ongezeko hadi mara 117.

Chembe moja pekee haitakufikisha kwenye simu, ni mara chache tu. Utahitaji mbili na pengo. Pengo ndilo linalokusanya uga.

---

Raskazone_Optiki

Nimeelewa. Naanza na dhahabu ya 80 nm, 640, na utaratibu wa PEG na protini. Nikifika kwenye chembe mbili nitalazimika kuzivika DNA. Nasikia kuna kuongeza chumvi kidogo kidogo kwa siku nzima?

---

BiKemia

Hiyo ni njia ya zamani, na kwa chembe kubwa inachosha. Tangu 2017 kuna njia ya friza. Changanya chembe na DNA ya tioli yenye mkia wa bezi T 20 au 25, DNA iwe nyingi sana kuliko chembe, kwenye kichupa cha plastiki, si cha kioo. Kama tioli imekuja imefungwa pacha, ifungue kwanza kwa TCEP, kemikali inayokata kifungo hicho. Weka kwenye −20 saa mbili hadi igande kabisa, toa, iache iyeyuke yenyewe mezani. Barafu inapojengeka inasukuma chembe, DNA na chumvi kwenye nafasi ileile finyu, DNA inajipanga bila kushurutishwa.

Ikiyeyuka na bado ni nyekundu, iko tayari, izungushe mara tatu kuondoa DNA iliyozidi. Ikitoka buluu, DNA ilikuwa chache au tioli haikufunguka. Hiyo haiokoleki, anza na kichupa kipya na uongeze DNA mara mbili.